Si kila tumbo linalouma lina vidonda: Somo la ini kutoka ufukweni Nyegezi

Ndugu msomaji, ukikaa katika kibaraza chochote hapa Nyegezi baada ya sala ya Isha ukasema kwamba tumbo linakusumbua, hutamaliza maneno yako kabla hujapewa jina la ugonjwa. Utaambiwa una vidonda vya tumbo. Mmoja atakwambia unywe maziwa, mwingine juisi ya kabichi mbichi, wa tatu atakutajia mtu anayeuza unga wa mizizi pale stendi, na wa nne, ambaye ndiye msomi wao, atakutajia vidonge vya omeprazoli na duka vinakouzwa kwa bei nafuu. Hakuna hata mmoja atakayekuuliza umekulia wapi, wala unaoga maji gani.

Mimi nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31 mpaka nikastaafu. Riziki yangu ilitokana na kuangalia damu, mkojo na choo cha watu kwa hadubini. Siandiki haya kwa sababu najua kuliko madaktari, la hasha. Naandika kwa sababu mimi mwenyewe, pamoja na hadubini yangu, nilikuwa mmoja wa watu wa kibarazani, na ilibaki kidogo ujinga wangu unigharimu ndugu wa tumbo moja.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, ana mashine yake si mbali na stendi. Alianza kulalamika mwaka 2014. Tumbo linajaa, linauma chini ya mbavu, akila matonge machache tu anahisi ameshiba. Akaenda zahanati moja ya mtaani, akaandikiwa dawa za vidonda pasipo kipimo chochote. Dawa zikiisha anarudi, anaandikiwa zilezile. Aliponijia mimi, kaka yake, mtu wa maabara, nilimwambia nini? Nilimwambia apunguze pilipili na chai ya rangi, na asikae na njaa muda mrefu. Tulikwenda hivyo miaka mitatu! Sikumpima choo, wala sikumwambia alale nimshike tumbo.

Ramadhani ya mwaka 2017, muda mfupi baada ya futari, shemeji alinipigia simu. "Shemeji, njoo haraka, mwenzangu anatapika damu." Nilipofika nilikuta beseni. Nimeona damu nyingi maishani mwangu, lakini ndani ya vichupa. Jirani mmoja, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa ameshatoa hukumu kwamba ile si ya hospitali, kwamba fundi ametupiwa kitu na wenye husuda na kazi yake, na kwamba kuna mzee ng'ambo ya ghuba anayeyaweza mambo hayo. Mwingine alikuwa ameshika bilauri ya maziwa. Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amlipe, hakubishana na mtu. Alikuwa ameshamwita dereva wa bajaji, na bajaji ilikuwa inanguruma mlangoni.

Hospitalini aliongezewa chupa tatu za damu na dawa ya kupunguza msukumo, na asubuhi wakampitisha kamera tumboni. Mfuko wa chakula ulikuwa safi. Hapakuwa na kidonda hata kimoja. Kilichokuwa kinavuja ni mishipa ya damu iliyovimba sehemu ya chini ya umio, ile njia ya kupitishia chakula. Ilikuwa imetuna na kujipinda kama ile mishipa inayowatoka kinamama miguuni. Daktari, binti mdogo wa umri wa mwanangu, akaniuliza: "Baba, nyinyi mmekulia wapi?" Nikamjibu Ukerewe. Akatikisa kichwa. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la mdogo wangu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Wengu ulikuwa mgumu kama ubao, umevimba hadi karibu na kitovu.

"Kichocho," akasema.

Hapo ndipo somo langu linapoanzia. Wengi wetu tukisikia kichocho tunafikiria mkojo wa damu. Kichocho hicho kipo, ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanakifahamu vizuri. Lakini kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha aina nyingine, kichocho cha tumbo, ambacho hakikojoshi damu. Hiki hukaa kimya kwa miaka, na kikija kusema, husema kwa sauti kubwa.

Mwendo wake ni huu. Kinyesi cha mtu mwenye ugonjwa kinafika ziwani kikiwa na mayai. Mayai yanaanguliwa, kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono mdogo bapa anayekaa kwenye majani ya pembeni, kinamwingia na kuzaliana ndani yake. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo anamwaga majini maelfu ya vijidudu vyenye mikia. Ukitia mguu, ukafua, ukaoga au ukaosha pikipiki, vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Hukanyagi mwiba wala huumwi na kitu, labda mwasho kidogo. Vinasafiri katika damu, vinapita kwenye mapafu, vinakomaa ndani ya ini, kisha vinateremka kwenye mishipa ya utumbo na kukaa humo, dume na jike wakiwa wamekumbatiana. Jike hutaga mayai 100 na zaidi kila siku. Minyoo hii inaweza kuishi miaka mitano au kumi, na wapo watu waliokutwa nayo miaka 30 baada ya kuhama kwenye maji yale.

Ajabu ni kwamba mnyoo wenyewe si adui mkubwa. Adui ni yai. Sehemu ya mayai hutoka na choo, lakini mengi huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini na kunasa humo, na mwili hujenga kovu kuzunguka kila yai. Makovu yakiwa mengi yanabana ile njia kuu ya damu inayoingia kwenye ini. Hebu fikiria barabara ya Kenyatta ikifungwa pale Mkuyuni wakati daladala zote zinatoka mjini kuja Nyegezi. Gari hazitapaa. Zitatafuta vichochoro, na vichochoro havikujengwa kwa ajili ya magari. Damu inafanya vivyo hivyo. Inarudi nyuma, wengu unavimba, kisha inajipenyeza kwenye vimishipa vidogo vya umio, navyo vinatuna mpaka siku moja vinapasuka.

Kuna jambo moja ambalo daktari yule alinieleza, nami naona ni la kufahamiwa na kila mwenye mgonjwa wa namna hii. Katika kichocho chembe za ini lenyewe kwa kawaida huwa bado zinafanya kazi, kilichoharibika zaidi ni njia ya damu. Si kama ini lililoliwa na pombe au na homa ya ini ya virusi, ambalo mara nyingi limekwisha nguvu kabisa. Kwa hiyo mtu wa kichocho anayetapika damu, akiwahishwa, damu ikazuiwa, ana matumaini mazuri ya kuishi miaka mingi. Anayekufa mara nyingi amekufa kwa kuchelewa, wakati watu wanabishana juu ya maziwa na uchawi.

Wasomaji wa umri wangu wanaoikumbuka redio ya Cairo wanamjua Abdel Halim Hafez. Sitaki kuzua mjadala wa muziki katika safu hii, nataka kusema kilichomuua. Alizaliwa kijijini Misri, akaoga utotoni katika mifereji ya kule kama watoto wenzake, akapata kichocho. Akawa mtu mashuhuri na tajiri, akatibiwa na mabingwa Ulaya, akatapika damu mara kadhaa katika maisha yake, na akafariki London mwaka 1977 hata miaka 50 hajafikisha. Mwenye fedha zile zote aliuawa na maji aliyoyachezea akiwa mtoto. Mdogo wangu naye alikuwa ameacha uvuvi wa dagaa miaka zaidi ya 15 kabla ya usiku ule. Alikuwa mtu wa mjini, anavaa viatu, anaoga maji ya bomba. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukasema "mimi si mvuvi", jiulize ulikuwa nani ukiwa na miaka 10.

Na tusidhani kisa cha mdogo wangu ni cha pekee. Madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wagonjwa 240 waliofika hospitalini hapo kwa kutapika damu au kupata choo cheusi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanavuja kutoka kwenye mishipa ya umio iliyovimba. Wenye vidonda vya tumbo walikuwa robo tu, na wachache walikutwa na saratani ya mfuko wa chakula. Nilipozisoma tarakimu hizo nilikaa kimya. Miaka yote hiyo mji mzima tunatibu ile robo, hali ya kuwa nusu nzima inapita mbele ya macho yetu.

Je, nasema vidonda vya tumbo havipo? Sivyo. Vipo, na navyo vimezungukwa na ujinga wa namna yake. Watu wanaamini vinaletwa na njaa, mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimkuza maabarani bakteria anayeishi ndani ya mfuko wa chakula, na wenzao wakawacheka. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua tumbo, akathibitisha hoja yake. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli. Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu, diklofenaki na ndugu zake, ambazo sisi tunazinunua dukani kama karanga kwa ajili ya mgongo na magoti. Mwenye kuzimeza kila siku huku anakunywa omeprazoli ni sawa na mtu anayekung'uta maji ndani ya mtumbwi bila kuziba tundu.

Bakteria huyo ana kipimo chake kizuri, nacho ni cha choo. Kile cha damu kinachopendwa na maabara nyingi hutafuta kinga, na kinga hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kufa, kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kuambiwa kila mwaka kwamba bado anaumwa na akatibiwa tena na tena. Tena, ukienda kupima choo, uwe umeacha omeprazoli kwa wiki mbili, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Ukikutwa naye, dawa ni mchanganyiko wa viuavijasumu viwili pamoja na ya kupunguza asidi, na siku hizi hushauriwa kwa siku 14 kamili. Anayeacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yametulia amemfundisha bakteria kuishi na dawa.

Nichomeke hapa neno kuhusu taifodi, maana nikinyamaza wenzangu wa maabara watasema nimewaficha. Kipimo cha Widal, cha tangu mwaka 1896, ndicho kinachotumika kuwaambia nusu ya watu wa mji huu kwamba wana taifodi. Kipimo hicho kikifanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha, kwa sababu kinaweza kuonyesha kinga za maradhi ya zamani au za vijidudu jamaa. Taifodi ya kweli ipo na ni hatari, inatoboa utumbo. Lakini hiyo "taifodi" ya kila mwezi, msomaji, itilie shaka. Nimewahi kuandika majibu hayo kwa mkono wangu, najua ninachokisema.

Turudi kwenye kichocho, kwani kipimo chake cha awali ni rahisi mno kiasi cha kutia aibu. Ni choo. Tunakichuja kwa wavu mdogo, tunakijaza kwenye tundu la kipimo maalumu, tunakifunika, kisha tunahesabu mayai. Kila yai moja tunazidisha kwa 24 ili kupata idadi katika gramu moja. Yai la kichocho hiki huwezi kulisahau ukishaliona, lina mwiba ubavuni kama wa waridi. Ila kioo kimoja kinaweza kukosa, kwa kuwa mayai hayatoki sawasawa kila siku, hivyo ni vizuri kupeleka choo siku mbili au tatu. Kuna pia kipimo cha mkojo cha kikaratasi. Na kwa mtu mzima mwenye makovu ya zamani, choo kinaweza kuwa safi kabisa kwa sababu minyoo imeshakufa. Huyo anahitaji altrasaundi ya ini na wengu, na ikionekana dalili ya msukumo mkubwa wa damu, kamera ya umio kabla hajatapika, si baada.

Dawa ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, basi. Imezwe baada ya kula, inachafua tumbo na kuleta kizunguzungu kwa saa chache. Hilo la kula si dogo. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto walipewa dawa hizi shuleni, baadhi wakatapika na kuishiwa nguvu, ukaenea uvumi kwamba wamepewa sumu, wazazi wakazivamia shule na wizara ikalazimika kusimamisha zoezi. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga haiiwezi, ndiyo maana anayerudi majini kila siku hurudia kumeza. Kwa mtoto makovu machanga yanaweza kupungua baada ya tiba. Kwa mdogo wangu, mwenye zaidi ya miaka 40, ilikuwa imeshachelewa kuyafuta. Yeye hutumia propranolo ya kushusha msukumo, na mishipa yake hufungwa kwa vipira vidogo kupitia kamera.

Sasa niseme juu ya homa ya ini, hususan ile ya B, kwa sababu hii haiji kutoka ziwani, inakuja kutoka kwetu wenyewe. Virusi vyake vinakaa katika damu na majimaji ya mwili. Vinapita kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa tendo la ndoa, kwa sindano na wembe. Mtu anaweza kuwa navyo miaka 20 bila kuumwa hata siku moja, kisha tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, au ikagundulika saratani ya ini. Nimewaona vijana wa miaka 35 wamefika hivyo. Nchini kwetu chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2002. Maana yake, aliyezaliwa kabla ya hapo kwa kawaida hana kinga ya chanjo, na humo tumo wengi tunaosoma gazeti hili. Kipimo ni tone la damu. Ukikutwa huna, unachanjwa mara tatu ndani ya miezi sita. Ukikutwa nao, si hukumu ya kifo: unapimwa ini na wingi wa virusi, na wanaohitaji hupewa tenofoviri. Dawa hiyo hutumika pia kwa wenye virusi vya ukimwi, na nimesikia watu wakiitupa jalalani kwa kuogopa macho ya majirani. Jamani!

Nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye elimu zao, kama mwenye homa ya ini ya B atengwe kwenye sinia. Hapana. Haiambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kusimama bega kwa bega katika safu. Homa za ini zinazopita kwenye chakula na maji machafu ni nyingine, A na E, na dawa ya hizo ni sabuni na choo. Kumwondoa ndugu yako kwenye sinia ni dhulma isiyo na faida yoyote ya kiafya. Kinachofaa kutazamwa ni wembe wa kinyozi, mkasi wa kutahiria na vifaa vya kuumika.

Ndiyo, hijama. Najua nagusa mahali penye hisia. Sina ugomvi na hijama, nami nimewahi kuumikwa. Lakini nimeona pia vikombe vikisuuzwa kwa maji ya ndoo moja na kiwembe kikihamishwa kutoka mgongo wa huyu kwenda wa yule, kwa hoja kwamba wote ni jamaa wa msikiti mmoja. Kirusi hakijui jamaa. Wembe uwe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yako, na vikombe viwe vya mtu mmoja au vichemshwe kitaalamu. Mwenye kukasirika ukimwomba hivyo, chukua shati lako uondoke.

Anayeona nakuza mambo aitazame Misri kwa mara ya pili. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya kule iliwatibu mamilioni ya wanavijiji kichocho kwa sindano, kabla ya vidonge kupatikana. Nia ilikuwa njema. Sindano zilirudiwa bila kusafishwa ipasavyo, na ugonjwa mmoja wa ini ukawaachia nafasi watu kupata mwingine, homa ya ini ya C, mpaka Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Walilipia kosa hilo miongo kadhaa. Mwaka 2018 na 2019 wakawapima watu karibu milioni 50 katika miezi saba, na waliokutwa nao wakatibiwa kwa vidonge vya wiki chache vinavyoponya kabisa. Nchi ya Kiislamu, maskini kama nyingi nyingine, ilikiri kosa lake hadharani na kulirekebisha. Sioni kwa nini kamati ya msikiti ishindwe kununua nyembe.

Kuhusu funga, kwa kuwa kila mwezi wa Shaabani naulizwa: mwenye kidonda kibichi, aliyetapika damu au mwenye choo cheusi kama lami hana cha kujadili kibarazani, ni mgonjwa, na sharia imempa mgonjwa ruhusa yake. Aliyepona na hali yake imetulia wengi wao hufunga salama, wakimeza dawa ya asidi nusu saa kabla ya kula daku, lakini aulizwe daktari anayemjua. Na futari ya vitu vya kukaangwa juu ya tumbo tupu isisingiziwe saumu.

Mdogo wangu alipotoka hospitalini nilimwambia alete watoto wake wote watano. Walikuja Jumamosi baada ya madrasa, kila mmoja na kikopo chake, wakicheka kwa haya. Baba yao aliapa kwamba hawaendi ziwani. Wawili walikuwa na mayai. Yule wa tatu, wa miaka tisa, nilimhesabia mayai 17 kwenye kioo kimoja, ambayo ni 408 kwa gramu, na kuanzia 400 tunaita mzigo mzito. Nilipombana akasema haogi, wanakwenda kuosha baiskeli tu na kuwatazama wavuvi wakianika nyavu. Walipimwa uzito, wakala viazi vitamu na chai, wakameza dawa. Alitapika kidogo kisha akalala. Baada ya wiki sita nilimpima tena siku mbili mfululizo, sikuona yai.

Baba yao ameshafungwa mishipa mara nne, anakwenda kliniki, anameza propranolo yake, na kanzu niliyovaa Idi iliyopita ameishona yeye. Jioni hukaa na wenzake palepale kibarazani, na hadi leo wapo wanaomuuliza vile vidonda vyake aliviponya kwa dawa gani.